Mihtasari ya Kikao cha Kwanza

Miaka minne sikuandika neno "alibisha".
Sikuandika "minong'ono ukumbini",
wala "Mheshimiwa aliombwa kuketi".
Tume ilikuwa watu saba, mlango umerudishwa,
karatasi ikitoka imekwisha kupigwa chapa,
nami, karani wa mihtasari, kazi yangu
ikawa kugonga muhuri na kutia jaladani.

Nisiwe mwizi wa fadhila: walifanya kazi.
Lundo la taka kule Keko,
lililomzidi umri mwanangu wa kwanza,
lilizolewa kwa siku tisa.
Taa ziliwaka hadi Mburahati.
Na madiwani wa zamani, tuseme kweli,
walipoondolewa sikuona chozi la mtu;
mmoja wao aliuza uwanja wa shule mara mbili,
mara ya pili kwa bei ya kutupa.

Lakini asubuhi ile walipobomoa vibanda vya Ilala
Bi. Tausi Pazi alikuja na risiti zake
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Alizipanga mezani pangu, mwaka kwa mwaka.
"Nimlalamikie nani?"
Nikafungua daftari.
Palikuwa na cheo, namba ya simu, saini yenye mkia.
Mtu aliyewahi kumwomba kura, hapana.
"Wasema kelele za mlango
hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.
Haya, baba,
mwenye nyumba ndiye nani?"
Akazirudisha kopo­ni moja moja. Mfuniko uligoma kufunga.

Kisha ikaja Jumapili ya foleni.
Darasa la Pili B, ubaoni hesabu za kutoa,
kumi na saba toa tisa, jibu halijaandikwa.
Mbele yangu fundi cherehani,
pini zingali zimechomekwa ukosini.
Nyuma, kijana Mwinshehe, jina lake orodhani
wameliandika Mwenyeheri.
Msimamizi akatikisa kichwa.
Foleni nzima ikaja juu:
"Ndiye! Tumemlea sisi!
Surua yake tumeiuguza sisi!"
Akapiga kura.
Sheria ilisemaje, sijui; siku ile sikuwa kazini.

Kalamu walikuwa wameifunga kwa kamba fupi
kama mbuzi wa jirani.
Nikaweka alama yangu, nikachovya kidole.
Nje, kila aliyetoka alikitazama chake
kwa siri, kama pete mpya.

Joho la meya nililikuta kabatini,
mende wamekula bega la kushoto.
Uzi mwekundu haukuwepo.
Nikashona kwa wa buluu,
nikaomba Mungu asimame upande wa kulia.

Na leo kipaza sauti kimekohoa.
Diwani Sikudhani Kondo wa Vingunguti,
mwezi jana tu alikuwa akigeuza vitumbua,
amesimama kabla ya kuitwa,
kanuni hazijui, miwani ameisahau nyumbani:
"Mtaro wetu—"
Meya akagonga meza.
"Mtaro wetu, nasema—"
Mmoja akacheka. Mmoja, hata kiti hakijapata joto,
akauliza habari ya posho.
Nikamtazama vizuri huyo,
nikaandika na hilo, neno kwa neno.

Roshani ya wananchi ina watu sita.
Wa mwisho kulia amepakata kopo.

"Mheshimiwa, kaa chini!"
"Sikai. Maji yakiingia ndani
hukaa nani chini?"

Saa nne na dakika kumi na mbili.
Kidole changu kingali na wino wa zambarau.
Nimeandika: Mheshimiwa Kondo alibisha.
Kalamu ilikwaruza, imesahau njia;
herufi ya b nimeirudia mara mbili.